Nissan Patrol Y60 kama msingi wa gari la mradi: tathmini ya ubora wake, udhaifu wake na magari yanayoshindana nalo

Mtu anayetafuta gari kuukuu la porini ili alifumue na kulijenga upya hanunui gari kwa maana iliyozoeleka. Anachonunua hasa ni chasisi, ekseli mbili, bodi na hati za umiliki. Vingine vyote, kuanzia springi na viti hadi nyaya za umeme, na mara nyingine hata injini, vitapita mikononi mwake na vingi kati ya hivyo vitaondolewa kabisa. Nimelifanya Nissan Patrol la kizazi cha Y60 kuwa kiini cha tathmini hii kwa sababu naamini kwamba linampa mjenzi msingi imara kuliko magari mengi ya rika lake, mradi apate lenye chuma kizima na injini inayofaa. Sharti hilo lina uzito mkubwa, kwa kuwa Patrol lililooza ni hasara tupu, na yapo magari mengine mawili matatu yanayostahili kushika nafasi yake pale ambapo lenyewe linapungukiwa.

Y60 lilianza kutengenezwa mwaka 1987 na likaendelea kwa takriban miaka 10, hadi mrithi wake, Y61, alipoingia sokoni mwaka 1997. Nchini Australia kampuni ya Ford iliuza gari hilohilo kwa jina la Maverick kati ya mwaka 1988 na 1994, jambo lenye faida kwa mjenzi wa leo, kwa sababu sehemu za Maverick la huko huingia kwenye Patrol bila kuchongwa. Matoleo mengi ya Y60 yalipewa springi za koili mbele na nyuma, tofauti na Patrol za awali zilizotegemea springi za bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Hata hivyo, ekseli zilibaki ngumu, yaani bomba moja la chuma linalounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, mbele na nyuma vilevile. Mchanganyiko huo wa koili na ekseli ngumu ndio unaolipa gari hili thamani yake katika kazi ninayoizungumzia.

Ekseli ngumu inapopandishwa na jiwe upande mmoja, hulisukuma chini gurudumu la upande wa pili, na kwa hiyo tairi hilo hubaki limegusa ardhi na kuendelea kuvuta. Springi za koili, zikisaidiwa na mikono mirefu inayoishikilia ekseli mahali pake, huiruhusu isafiri juu na chini kwa nafasi kubwa kuliko springi za bapa, ambazo hubeba uzito wa gari na wakati huohuo huizuia ekseli isiende mbele wala nyuma. Faida nyingine ni kwamba umbali kati ya difu (boksi la gia lililo kwenye ekseli, linalogawa nguvu kwa magurudumu yake mawili) na ardhi haupungui gari linapobonyea kwa mzigo au linapotua kwa kishindo. Umbali huo unategemea ukubwa wa tairi peke yake. Magari yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, kama Mitsubishi Pajero la miaka ya 1990, hutulia vizuri zaidi barabarani na humchosha dereva kidogo, lakini ukilinyanyua unaziinamisha shafti za mbele kwa pembe ambayo viungo vyake havikuundwa kuistahimili. Anayetaka kubaki na urefu wa kiwandani atafurahia Pajero; anayetaka kujenga atafika ukingoni mapema.

Mpangilio wa Y60 unafanana sana na ule wa Toyota Land Cruiser la mfululizo wa 80. Ekseli ya mbele hushikwa na mikono miwili minene pamoja na fimbo moja ya mshazari, na ya nyuma hushikwa na mikono minne pamoja na fimbo nyingine kama hiyo. Tofauti ipo ndani ya ekseli zenyewe. Kwenye Patrol za injini kubwa, difu ya mbele ni ya familia ileile ya H233 inayotumika nyuma, ambayo gia yake kubwa ina kipenyo cha milimita 233, wakati Land Cruiser 80 lina difu ya mbele yenye gia ya inchi 8, ndogo kuliko ile ya nyuma. Kwa matairi ya kiwandani jambo hilo halina athari yoyote. Kwa anayekusudia kuweka loki ya difu mbele (kifaa kinacholazimisha magurudumu mawili ya ekseli kuzunguka pamoja), matairi mazito na kupanda miamba polepole kwa gia ya chini, difu kubwa ya mbele ni akiba ambayo hatalazimika kuinunua baadaye. Zaidi ya hayo, Y61 liliendelea kutumia difu za familia hiyohiyo, na kwa hiyo ekseli, gia na vipuri vingi vya gari hilo jipya zaidi vinaweza kulihuisha la zamani.

Kuhusu injini sitasitasita: kama dizeli ndiyo inayotakiwa, TD42 ndiyo ya kutafutwa. Ni injini ya mitungi 6 iliyopangwa kwa mstari, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 4,169, bloku na silinda hedi vyote vikiwa vya chuma cha kusubu, na kemshafti yake, yaani shafti inayofungua valvu, huzungushwa kwa gia badala ya mkanda. Jambo hilo la mwisho linastahili kuangaliwa kwa makini na kila anayenunua gari lenye historia isiyojulikana. Katika injini ya 1HZ ya Toyota, ambayo ni mshindani wake wa karibu kwa ukubwa na tabia, mkanda wa taiming unapaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na mkanda ukikatika valvu hukutana na pistoni. Muuzaji anaposema kwamba mkanda ulibadilishwa lakini hana risiti, mnunuzi mwenye busara hana budi kuubadilisha tena kabla ya safari ya kwanza. Kwa TD42 suala hilo halipo kabisa.

Injini hii haina haraka. Bila turbo, Patrol lenye uzito wa zaidi ya tani mbili hupanda mlima kwa subira, na dereva aliyezoea magari ya kisasa atahitaji muda kukubaliana nalo. Wajenzi wengi huongeza turbo, na TD42 huivumilia vizuri endapo shinikizo litakuwa la wastani, pampu ya dizeli itapimwa na fundi anayeijua, na kipimo cha joto la moshi kitawekwa mahali dereva anapokiona. Injini ya 1HZ nayo huongezwa turbo mara nyingi, lakini silinda hedi yake inajulikana kwa kupasuka karibu na vyumba vidogo vya awali vya mwako pale inapochochewa kupita kiasi. Simaanishi kwamba 1HZ ni mbaya. Ni miongoni mwa injini zinazodumu zaidi kuwahi kuwekwa kwenye gari la porini, ikiachwa kama ilivyotengenezwa. Hoja yangu ni kwamba gari la mradi mara chache huachwa lilivyotengenezwa.

Baadhi ya Y60 zilitoka na dizeli ndogo ya lita 2.8 yenye turbo, RD28T, ambayo huzunguka kwa ulaini na hupendeza barabarani. Silinda hedi yake haisamehe joto kupita kiasi, na mfumo wake wa kupoza injini kwa umri huu huwa umechoka. Nisingeichagua kwa gari litakalobeba bampa za chuma, winchi, hema la juu na matangi ya maji. Za petroli zilikuwa na lita 3.0 au lita 4.2, ile ya lita 4.2 ina nguvu ya kutosha na ni rahisi kuihudumia, na hasara yake kubwa ni kiu.

Udhaifu halisi wa Y60, ambao wapenzi wake huupitia juujuu, uko kwenye transifa, yaani giaboksi ndogo inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma na yenye gia ya chini ya mwendo wa polepole. Gia ya chini ya Patrol hupunguza mzunguko kwa mara 2.02 tu. Ya Land Cruiser 80 hupunguza kwa mara 2.488, na transifa ya LT230 iliyowekwa kwenye Land Rover Defender na Discovery hupunguza kwa mara 3.32. Tofauti hizi huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwenye mteremko mkali wenye mawe ndizo zinazoamua kama gari litateremka kwa injini peke yake au kama dereva atalazimika kuegemea breki hadi zipate moto. Ukiongeza matairi, tatizo hukua. Tairi la inchi 35 likiwekwa badala ya la inchi 31 huligeuza gari kuwa na gia ndefu zaidi kwa takriban asilimia 13, na kipimo cha mwendo kitaonyesha chini ya 90 wakati gari linakwenda 100. Kwa hiyo anayepanga matairi makubwa kwenye Patrol anapaswa kuweka katika bajeti yake, tangu siku ya ununuzi, ama gia fupi zaidi za difu ama gia za kupunguza mwendo ndani ya transifa. Gari la mitambo ya kawaida lenye matairi ya inchi 31 au 32 halihitaji gharama hiyo, na kwa maoni yangu watu wengi wanaonunua matairi ya inchi 35 wangeridhika na ya inchi 33.

Land Cruiser 80, lililotengenezwa kati ya mwaka 1990 na 1997, ndilo gari bora zaidi kwa jumla katika kundi hili, na ninalisema hilo bila kubana maneno. Bodi yake imeunganishwa kwa ustadi mkubwa, chumba cha ndani ni tulivu, na matoleo mengi huvuta kwa magurudumu yote manne wakati wote, yakiwa na difu ya katikati inayojifunga yenyewe dereva anapoingiza gia ya chini. Baadhi yalitoka kiwandani na loki za difu mbele na nyuma, na ukilipata gari kama hilo likiwa zima, sehemu kubwa ya ujenzi wako imekwisha kufanywa na wahandisi. Injini ya petroli ya lita 4.5, 1FZ-FE, huenda mbali sana ikitunzwa, ingawa gasketi ya hedi upande wa nyuma na mpira mdogo wa maji ya moto uliojificha nyuma ya injini vinahitaji kuchunguzwa kwa tochi. Dizeli ya turbo ya kwanza, 1HD-T, ina nguvu na uchumi wa mafuta unaopendeza, lakini beringi zake za konrodi zina sifa ya kuchakaa mapema. Fundi huzibadilisha kutoka chini bila kuishusha injini, na kazi hiyo ifanywe kabla ya safari ndefu yoyote isipokuwa kama kuna ushahidi wa maandishi kwamba imeshafanywa. Toleo la baadaye la valvu 24, 1HD-FT, halina wasiwasi huo kwa kiwango hicho.

Kwa nini basi nisilitangulize? Kwa sababu sifa za Land Cruiser 80 zimeshajulikana kwa kila mtu, na mnunuzi hulipia jina pamoja na gari. Kiasi ambacho kingempa Land Cruiser lenye kutu na maili nyingi mara nyingi humpa Patrol lililotunzwa vizuri pamoja na kiasi cha kununulia loki na springi. Mwenye fedha za kutosha kununua 80 safi na bado akabaki na za kulijenga, na alinunue. Mwenye fedha za kununua 80 mbovu peke yake atapata gari bora katika Y60 safi, na ushauri huo ningeutoa hata kwa ndugu yangu.

Land Rover ni jambo jingine, na inafaa nikae nalo kidogo kwa sababu kwa upande mmoja linayashinda yote mawili. Defender, pamoja na Ninety na One Ten zilizolitangulia tangu miaka ya 1983 na 1984, limeungwa kwa bolti kiasi kwamba mtu mwenye spana za kawaida na nafasi ya kutosha anaweza kulitenganisha hadi chasisi tupu. Uzalishaji wake ulisita Januari 2016, na bado karibu kila sehemu yake hupatikana ikiwa mpya, hata chasisi nzima iliyopakwa zinki. Ni magari machache ya Kijapani ya umri huo yanayoweza kudai hivyo. Kwa mjenzi anayefurahia kazi yenyewe, anayetaka kuijua kila nati, sioni mwalimu bora.

Ila Defender lina kasoro zake, na watu wengi huzifahamu nusu. Kwa kuwa paneli zake ni za alumini, huonekana zima kwa miaka mingi, ilhali chini yake chasisi ya chuma inaliwa kimyakimya, hasa boriti ya nyuma kabisa na mikono ya pembeni inayobeba bodi. Ukuta wa chuma kati ya injini na chumba cha abiria huoza kwenye pembe za chini na karibu na bawaba za milango. Mahali alumini inapokutana na chuma penye unyevu, alumini yenyewe huliwa na kugeuka unga mweupe. Ekseli zake ni nyepesi kuliko za Patrol. Shafti na difu huvunjika zikipewa matairi mazito na mguu usio na subira, na mjenzi wa Defender la miamba atalazimika kuziimarisha. Injini za 200Tdi na 300Tdi ni rahisi, hutumia mafuta kidogo na hutengenezeka mahali popote, lakini zote mbili zina mkanda wa taiming. Discovery la kwanza, la mwaka 1989 hadi 1998, lina mitambo inayokaribia kufanana na ya Defender, na kwa kuwa halipendwi kwa kiasi kilekile linaweza kupatikana kwa unafuu mkubwa. Kinachoangamiza magari hayo ni kutu kwenye sakafu ya nyuma, vizingiti vya milango na mabawa ya ndani. Discovery lenye sakafu nzima ni ununuzi wa thamani kuliko wengi wanavyodhani.

Suzuki za mfululizo wa SJ, ambazo zilianza mwaka 1981 na kuendelea kwa jina la Samurai, ni nyepesi mno, chini ya tani moja au karibu yake, na wepesi huo huzipitisha kwenye matope na mchanga ambapo magari makubwa huzama. Kwa mtu mmoja au wawili wasio na mizigo mingi ni chaguo la busara sana. Jeep Cherokee la XJ, lenye injini ya petroli ya lita 4.0 iliyoingia mwaka 1987, halina chasisi tofauti na bodi. Kutu yake kwa hiyo ni ya kuogopwa zaidi, na kulijenga kwa kazi nzito hudai kuimarisha boriti za chini za bodi yake kwa kuchomelea vyuma. Land Cruiser la mfululizo wa 60, la miaka ya 1980, ni imara na lina sura inayopendwa, lakini springi zake za bapa humgharimu mjenzi kazi zaidi ili kufikia anapoanzia mwenye 80 au Y60.

Narudi kwenye chuma, kwa kuwa ndipo uamuzi unapofanyika. Kwenye Y60, kagua kwanza mfereji wa paa na fremu ya kioo cha mbele. Kutu ya hapo huanza ndani ya maungio, na kipele kidogo cha rangi huwa ni ishara ya tundu kubwa chini yake; kuirekebisha ipasavyo hudai kutoa kioo, na mara nyingi kioo chenyewe hupasuka katika kutolewa. Kisha angalia matao ya magurudumu ya nyuma kutoka ndani, ukiondoa vifuniko vya plastiki, halafu paneli inayoshika rejeta na chuma kilicho chini ya betri. Nyanyua zulia na uguse sakafu kwa mkono: ikiwa sifongo iliyo chini ina unyevu, maji yanapita mahali fulani na yamekuwa yakipita kwa muda mrefu. Mlango wa nyuma wa gari hili hubeba tairi la akiba, hivyo bawaba zake na nguzo inayozishika huchoka. Ukifunguka na kushuka kidogo, kazi ipo.

Chini ya gari, chasisi inataka nyundo ndogo, sumaku na muda. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, na kilicholiwa hutoa sauti butu. Sehemu inayopinda juu ya ekseli ya nyuma hukusanya matope pande zote mbili na ndiyo inayooza mapema, pamoja na mahali bodi inapokalia mipira yake. Mbele, chunguza kwa makini eneo ambapo boksi la usukani na fimbo ya mshazari vimefungwa kwenye chasisi, kwa sababu Patrol lililobeba matairi makubwa kwa miaka mingi hupata nyufa hapo. Ufa ukionekana mapema huchomelewa na kuimarishwa kwa bamba la chuma bila shida kubwa. Ukiachwa, usukani unaweza kung'oka na kipande cha chasisi. Mikono ya chini ya ekseli ya nyuma nayo hupinda ikigonga mawe, na kwa kuwa hubadilishwa kwa urahisi, haipaswi kukuvunja moyo bali kukupa hoja wakati wa kujadili bei. Chasisi iliyopakwa lami nyeusi mpya siku chache kabla ya kuuzwa ihesabiwe kuwa mbovu hadi lami hiyo ikwanguliwe, na muuzaji anayekataa ikwanguliwe amekwisha kukujibu.

Usisahau namba. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ya hati, na ya injini pia, kwa sababu magari ya umri huu mara nyingi yameshabadilishwa injini, na mamlaka za usajili hutaka mabadiliko hayo yawe yameandikishwa. Gari la mradi lisiloweza kusajiliwa ni rundo la vipuri, hata likiwa zuri namna gani.

Injini iwashwe ikiwa baridi kabisa. Ukikuta muuzaji ameshaipasha moto, rudi siku nyingine. TD42 nzima huwaka haraka baada ya plagi za joto kufanya kazi, hutoa moshi kidogo kwa muda mfupi, kisha hutulia. Moshi wa buluu usiokwisha ni oili inayoungua. Legeza kifuniko cha oili injini ikizunguka: pumzi hafifu ni ya kawaida, na msukumo mzito wenye mvuke ni dalili kwamba ringi za pistoni zimekwisha. Fungua rejeta kabla ya kuwasha na uangalie kama kuna utando wa mafuta ndani ya maji. Baada ya kuendesha kwa muda wa kutosha, ingiza gia ya chini, geuza usukani pande zote mbili na usikilize mbele. Sauti ya kugongagonga wakati wa kukata kona huashiria viungo vya shafti vilivyochakaa ndani ya vifundo vya usukani. Mafuta yanayovuja kwenye vifundo hivyo ni ya kawaida kwa Patrol na Land Cruiser vilevile, na tiba yake ni sili, beringi na siku ndefu ya kazi chafu.

Kuna swali ambalo hujirudia: je, inafaa kununua gari ambalo mtu mwingine ameanza kulijenga? Kwa kawaida jibu langu ni hapana, na sababu ni umeme na pembe. Nyaya za taa za ziada, winchi na friji zilizounganishwa bila fyuzi na kufungwa kwa utepe huwasha moto, na kuzifuatilia nyuma ya dashibodi huchukua muda mrefu kuliko kufunga mfumo mpya. Pembe ni suala la kunyanyua gari. Ukinyanyua Y60 kwa sentimita 5, vitu vingi hubaki ndani ya uwezo wake; ukizidi hapo, mikono ya mbele huizungusha ekseli, na ile pembe inayoufanya usukani urudi wenyewe katikati hupungua, kiasi kwamba gari linayumba kwa mwendo mkubwa. Fimbo za mshazari nazo huvuta ekseli upande mmoja, propela huzunguka kwa pembe kali na kutikisika, na mipira ya breki huvutika hadi mwisho ekseli inaposhuka. Kazi nzuri ya kunyanyua hushughulikia yote hayo kwa bushi maalumu, fimbo zinazorekebishika na mipira mirefu ya breki. Kazi ya hovyo huishia kwenye springi na shokapu ndefu, na magari mengi yaliyonyanyuliwa yanayouzwa ni ya aina hiyo. Lile la kiwandani, lenye springi zilizochoka, ndilo linalokuonyesha ukweli wake.

Urefu wa gari uamuliwe na kazi. Y60 fupi, lenye milimita 2,400 kati ya ekseli, hupita kwenye vijia vyembamba na juu ya matuta bila kukwangua tumbo, na hufaa kwa mchezo wa siku moja. Refu, lenye milimita 2,970, hubeba familia na mizigo ya safari ndefu na hutulia zaidi kwenye miteremko mikali. Hasara ya urefu huo huonekana kwenye kona na kwenye vilele vya matuta. Kwa anayejenga gari moja la kufanya yote, nachagua refu, lenye TD42 na giaboksi ya mkono, na habu za mbele (zinazounganisha magurudumu na shafti zake) za kufunga kwa mkono badala ya zile zinazojifunga zenyewe, ambazo kwa umri huu haziaminiki.

Vipuri vya mitambo vya Y60 bado vinapatikana kwa wingi: beringi, sili, bushi, klachi, pampu za maji, breki na gia za difu. Kinachoanza kuadimika ni vitu vidogo vya bodi na vya ndani, yaani mipira ya milango na madirisha, vishikio, swichi, vifuniko vya dashibodi, mota za vioo na vitambaa vya viti visivyopasuka. Mnunuzi asiye na uzoefu hulitazama gari lililovuliwa kila kitu na kuona kwamba kazi ya kulifumua imeshafanywa kwa ajili yake, ilhali anayelijenga gari hadi mwisho hugundua kwamba mpira mmoja wa kioo cha nyuma unaweza kumsimamisha kwa miezi. Kati ya Patrol mbili zenye chasisi zinazolingana, moja ikiwa na injini iliyochoka lakini vipande vyote vya ndani vikiwa mahali pake, na nyingine ikiwa na injini mpya lakini milango mitupu na maboksi ya sehemu zisizojulikana, ningeichukua ya kwanza bila kusita na kuishusha injini yake mwenyewe.